Ukurasa Uliokuja Nyuma ya Sahihi

Vijana wangu, ninyi mnaoandika kwa kalamu ya plastiki juu ya kioo, maneno haya ni yenu. Naitwa Mama Riziki. Kazi nimeiacha, ao tuseme magoti njo yameiacha, na sasa naishi Shasha, pale barabara ya kutoka Sake kwenda Minova inapopita kando ya ziwa. Asubuhi hapa kwetu ukungu hupanda polepole kutoka majini mpaka unaingia dirishani. Kikombe unakiona mkononi, lakini mlango huuoni. Ninaipenda sana saa hiyo. Nyumba, mitumbwi, migomba, sauti za wamama wanaosafisha samaki, vyote viko pale pale, na hakuna hata kimoja kinachotangulia kingine.

Tablo yetu, ule ubao mweupe ndani ya tableti, ilikuwa hivyo hivyo.

Lakini nieleze kwanza nilikuwa nafanya nini. Kwa miaka mingi nilikuwa sekretari wa shirika dogo la kupatanisha watu juu ya mashamba. Tulizunguka Masisi na Walikale, kilima kwa kilima, siku ambazo barabara iliruhusu. Watu wakigombana juu ya mpaka, ao njia ya ng'ombe, ao maji, tulikaa nao wakasema yote yaliyowauma, na mimi nikayachora na kuyaandika. Mwisho wa yote niliyageuza kuwa karatasi. Maneno ya kikao hupoa haraka. Mtu akishafika kwake anayakumbuka kwa namna inayompendeza. Karatasi inabaki kama ilivyotoka. Kwa hiyo lazima itoke vizuri.

Kupanga kurasa nilijifunza kwa miguu, muda mrefu kabla ya kuona tableti. Aliyenifundisha alikuwa Papa Zakaria, mzee wa masini ya roneo, ile ya kuchapa kwa wino, katika biro ya parokia, mtu mwembamba mwenye wino chini ya kila ukucha. Kitabu kikishachapwa, alitandaza marundo ya kurasa juu ya mabenchi kuzunguka sale nzima, ule ukumbi wa parokia, ukurasa wa kwanza karibu na mlango, wa pili unaofuata, mpaka mduara ukamilike. Kisha tulizunguka. Unaokota moja hapa, moja pale, ukirudi mlangoni una kitabu mkononi.

"Usisome, binti," alikuwa ananiambia. "Ukianza kusoma, mukono itasahau."

Basi sikusoma. Nilizunguka mchana mzima katika harufu ya wino na spiriti, mvua ikipiga mabati, na mara nyingine nilijikuta nimesinzia huku natembea, mkono ukiendelea kuokota peke yake. Hata leo, nikilala, ninaota ile sale. Ninazunguka, ninaokota, na mduara haufiki mwisho.

Wakati fulani, tulipokuwa tunatayarisha vitabu vya misa ya ndoa, upepo ulisukuma dirisha na marundo mawili yakabadilishana mahali bila sisi kujua. Kesho yake nusu ya kanisa walifika kwenye baraka ya mwisho bibi arusi akiwa bado hajasema ndiyo. Benchi za nyuma zikaanza kuimba wimbo wa kutokea. Bwana arusi akageuka kutazama kama watu wanamwacha peke yake pale mbele. Papa Zakaria alijificha nyuma ya nguzo, akicheka mpaka machozi.

"Tumewaaga watu bado hawajaoana," akanong'ona.

Niliona siku ile kwamba watu wanaoshika karatasi hawaulizi kama imepangwa sawa. Wanaifuata tu.

Baadaye kompyuta ilikuja, na miaka mingine ilipopita tableti ikafika, pamoja na kalamu yake, projekteri ndogo na sahani ya kuchota umeme wa jua. Aliyekuja na vitu hivyo alikuwa Daniel, mwenzangu wa kazi, fundi wa ordinateri, yaani kompyuta, baba wa watoto, mtu mpole wa Sake ambaye hakuwahi kupandisha sauti, hata na masini.

Mara ya kwanza alipofungua tablo mbele yangu, nilisogeza kiti karibu. Alisukuma kwa kidole, na weupe ukaendelea. Akasukuma tena, ukaendelea bado.

"Inaishia wapi?" nikauliza.

"Haiishake, Mama Riziki."

Tulikuwa tunafunga shuka nyeupe ukutani, katika kanisa la mbao ao darasani, tunazima mwanga kwa kufunga madirisha, na projekteri inatupa tablo juu ya shuka. Wazee walikuja mbele mmoja mmoja wakachora kilima chao kwa mikono ambayo haikuwa imeshika kalamu tangu utoto. Kijito cha buluu. Zizi. Njia ya zamani waliyopita bibi zao. Shuka ikitikisika kwa upepo, vilima vilitikisika nayo, na watu walikaa kimya gizani wakitazama kwao kunavyopumua ukutani. Nimeona watu waliokuja na hasira wakisahau kugombana kwa sababu ya kutazama.

Lakini tablo huwezi kuikunja uiweke katika mfuko wa chefu. Serikali inataka karatasi, na familia nayo inataka karatasi ya kuweka katika sanduku la nguo. Kwa hiyo unatoa PDF. Na PDF, vijana wangu, ina ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho, hata kama kilima hakina.

Kazi yenyewe inaendaje? Unachora kadre, ni kama fremu ya picha, kuzunguka kila kitu unachotaka kiwe ukurasa. Kilichobaki nje ya kadre hakitoki. Hilo watu wanalijua mapema, maana wanalipia kwa aibu mara moja tu. Jambo wanalochelewa kujua ni mpangilio. Programu ya kwanza tuliyotumia ilipanga kadre kwa majina yake, na Daniel alikuwa amezipa namba tu: 1, 2, 3, na kuendelea. Tukaenda Walikale na somo la kulima maharagwe pembeni ya kilima bila kubomoa udongo. Tukagawa vitabu. Mama mmoja akapekua, akapekua tena, akanyoosha mkono.

"Kwenu Masisi munavunaka mbele ya kupanda?" akauliza. "Mutufundishe na siye, tutapumzika."

Watu walicheka mpaka kuku wakatoka chini ya mabenchi. Masini ilikuwa imesoma majina kama maneno ya kamusi: 1, halafu 10, halafu 11, ndipo 2. Mavuno yalikuwa katika ukurasa wa 10. Tangu siku ile Daniel aliandika 01, 02, 03, na mavuno yakarudi mahali pake. Mkisahau yote mengine, shikeni ile sifuri ya mbele.

Programu ya pili haikujali majina. Hiyo njo ilitupeleka mahali ambapo sikucheka.

Palikuwa Bihambwe, kule Masisi. Mama Kahindo alikuwa mjane, na shamba lake lilishuka kutoka nyumbani kwake mpaka kijito. Ng'ambo ya kijito lilianza shamba la Papa Bauma na wanawe. Baba za baba zao walikubaliana kwamba mpaka ni kijito, na hakuna aliyewahi kuuliza zaidi. Mume wa Mama Kahindo alipokufa, alizikwa chini kabisa ya shamba lake, karibu na maji, mahali alipokuwa anapenda kukaa akisha kulima.

Kisha mvua ya mwaka ule ilibomoa kilima. Udongo uliziba kijito, na maji yakajitafutia njia nyingine, juu zaidi, katikati ya shamba la Mama Kahindo. Kijito cha zamani kikakauka. Sasa maji yalipita kati ya nyumba yake na kaburi la bwana yake.

Wana wa Papa Bauma walisema: mpaka ni kijito. Kijito kimehama, mpaka umehama. Wakavuka mfereji mkavu wakapanda viazi kwenye kile kipande, wakipanda kila wiki mbele zaidi, mpaka majani ya viazi yakafika kwenye mawe ya kaburi. Asubuhi moja Mama Kahindo aliona alama za jembe karibu na musalaba. Hakuvuka. Aliketi kwenye ukingo wa maji mapya, akaita jina la bwana yake kwa sauti, kama mtu anayeita aliye shambani aje kula. Kilima chote kilisikia. Tangu siku ile familia hizo mbili, zilizokuwa zinasali benchi moja, hazikusalimiana.

Tulifika tukafunga shuka kanisani. Wa kwanza kuchora alikuwa Innocent, mtoto mkubwa wa Papa Bauma, mtu mzima mwenye ndevu na maneno ya haraka. Alichora shamba la kwao. Wengine wakachora maji mapya, mfereji mkavu, nyumba ya Mama Kahindo. Papa Bauma mwenyewe alikaa nyuma, kofia juu ya magoti.

Iliposhindikana kusikilizana kwa maneno, picha ilisaidia. Kila mtu aliona kwamba kwa Papa Bauma sasa hakuna maji kabisa. Ng'ombe wao walikuwa wananyweshwa mbali. Na Mama Kahindo alikuwa na maji mlangoni, lakini amekatwa kutoka kwa kipande chake. Basi wakafika hapo polepole: mfereji wa zamani unabaki kuwa mpaka, hata kama mukavu, na kipande kinabaki cha Mama Kahindo. Naye anawapa wana wa Bauma njia ya kupitisha ng'ombe mpaka kwenye maji mapya. Innocent alikuna kichwa, akatazama ndugu zake, akakubali. Daniel akachora kadre ya sahihi kwa haraka, kabla hawajabadilisha mawazo.

Hapo Mama Kahindo akasimama.

"Bwana yangu hayuko pale," akasema, akionyesha shuka.

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumesema juu ya kaburi muda wote, na hakuna aliyelichora. Daniel akampa kalamu. Akachora mwenyewe: musalaba mdogo na mawe kuzunguka, jiwe moja moja. Chini yake nikaandika kwamba mahali pale hapalimwi. Daniel akazungusha kadre, akaiweka vizuri katikati ya tablo, kati ya maji mapya na mfereji wa zamani. Juu ya shuka ilikuwa katikati ya kila kitu. Wote tuliiona pale.

Daniel alitoa PDF, tukaenda kuchapa Sake kwa Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka la simenti na sabuni na imprimante ya kuchapia nyuma ya pazia, rozari imening'inia juu yake ili karatasi zisikwame. Mvua ilikuwa inakuja na wenye pikipiki walikuwa wanatuharakisha. Mama Kavira alifunga karatasi ndani ya plastiki, tukapanda kilima nazo.

Siku ya kuweka sahihi kanisa lilijaa. Chefu wa mji alikuwepo. Katekista alisoma kwa sauti ukurasa baada ya ukurasa, akifika mwisho wa kila mmoja anauinua juu ili hata wasiosoma waone picha. Akafika kwenye sahihi. Akafungua kikopo cha wino.

Mama Kahindo hakutoa kidole.

"Na bwana yangu eko wapi?" akauliza.

Katekista alitazama ukurasa, akatazama zilizopita. Kisha akageuza ule wa sahihi. Nyuma yake, peke yake, mwisho kabisa, kulikuwa na ule musalaba mdogo na mawe yake.

 Mama Kahindo alisogea akaitazama ile karatasi.

"Mumemuweka inje," akasema.

"Ile ya nyuma ya sinyatire haiko ndani ya mapatano," akasema mmoja wa wadogo wa Innocent. "Kila mutu anajua."

"Funga mudomo," mtu akamjibu kutoka upande wa pili, na mabenchi yakalia, watu wakasimama. Nilisimama nami. Nikasema ni masini, tablo ilikuwa sawa, masini njo imepanga vibaya. Innocent alinitazama bila hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mama Riziki," akasema, "masini haina shamba hapa. Nani aliiambia ipange hivi?"

 Mama Kahindo alivuta kitenge chake mabegani, akapita katikati ya watu, akatoka.

Daniel alikuwa ameshafungua tableti juu ya magoti yake. Niliketi karibu naye. Alipapasa kioo, akavuta kutoka pembeni orodha ya kadre ambayo hatukuwahi kuitazama vizuri, na tukaelewa wote wawili kwa mara moja. Programu hii haikuangalia kadre iko wapi. Iliangalia imezaliwa lini. Ile ya Innocent ilizaliwa kwanza, ikawa ya kwanza. Ile ya sahihi ilizaliwa kabla ya kaburi, ikatangulia. Unaweza kuweka kadre katikati ya dunia. Kama umeichora mwisho, itatoka mwisho.

"Inasogezwa," Daniel akasema polepole. "Unaishika na kidole hapa kwa orodha, unaipandisha. Ni kazi ndogo. Lakini naiweka wapi?"

Nikafungua mdomo kusema: mbele kabisa. Kisha nikaona uso wa Innocent, nikajua atasema karatasi inaanza kwa kuwahukumu. Mtu mmoja akasema iwekwe baada ya shamba la Bauma. Mwingine akasema kabla. Chefu akasema katikati, na hakuna aliyekubali katikati ni wapi. Mnaona, vijana? Juu ya tablo walikuwa wamepatana, kwa sababu tablo haikuwauliza nani atangulie. Karatasi iliuliza.

Ndipo Papa Bauma akavaa kofia yake. Alisimama kwa shida, mkono juu ya bega la mjukuu, akaja mpaka kwetu.

"Daniel, beba kile kioo yako," akasema. "Tuende."

Tulimfuata wote. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya malisho, ng'ombe wanaonekana nusu, miguu haionekani, kama wanaelea. Papa Bauma alitembea mbele bila kugeuka mpaka nyumbani kwa Mama Kahindo. Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni.

Mzee akavua kofia.

"Mama Kahindo. Siku ile tulimubeba bwana yako, tulianzia wapi?"

Mama Kahindo aliweka mkono juu ya mlango. 

"Hapa. Kwa mulango."

"Basi tuanzie hapa."

Nikamgusa Daniel mkono. Akaelewa. Alishika kadre yenye nyumba kwenye orodha, akaipandisha juu kabisa.

Tukateremka. Papa Bauma alikuwa anasema huku anatembea, kama mtu anayejisimulia mwenyewe. "Mi nilikuwa mbele, bega ya kushoto. Udongo ilikuwa inateleza. Kaka yako, Mama Kahindo, alikuwa kuume. Alikuwa anaimba ili tutulie." Mama Kahindo alimfuata nyuma kidogo, kisha, sijui wakati gani, alikuwa kando yake.

Tulifika kwenye maji mapya. Yalipita kwa sauti ndogo juu ya mizizi.

"Hii haikukuwa siku ile," Mama Kahindo akasema.

"Haikukuwa," mzee akajibu. "Lakini leo iko. Tuvuke."

Daniel akapandisha kadre ya maji mapya iwe ya pili. Innocent aliingia majini, viatu na vyote, akampa baba yake mkono. Akasita. Kisha akampa Mama Kahindo mkono pia, naye akaushika.

Ng'ambo yake majani ya viazi yalikuwa na maua, meupe katika ukungu. Watu walipita kati ya mistari kwa uangalifu, hakuna aliyekanyaga. Kabla ya mawe, Innocent alisimama.

"Hapa njo tulipumzisha sanduku," akasema. "Shimo ilikuwa inaingia maji. Mulinambia nichimbe tena. Nilichimba, Mama. Mi njo nilimalizia."

"Najua," akasema Mama Kahindo. "Nilikuona."

Innocent alichuchumaa. Akaanza kung'oa viazi vilivyokuwa karibu na mawe, kwa mikono, shina moja moja, akitikisa udongo na kuuacha pale pale. Hakuna aliyemwambia. Wadogo zake walitazamana, kisha mmoja akachuchumaa naye.

Daniel alikuwa amefunika tableti kwa koti lake kwa sababu ya unyevu. Akaingiza kidole chini ya koti. Kaburi likawa la tatu. Baadaye mfereji mkavu, tukausimamia, ndani yake nyasi zimeshaota. Baadaye shamba la Papa Bauma, kwa sababu siku ile wabebaji walikwenda kunawa mikono kwake na kunywa maji kwake. Baadaye njia ya ng'ombe. Na sahihi mwisho kabisa.

Tuliporudi kanisani Daniel alitupa PDF juu ya shuka kabla ya kuchapa chochote, ukurasa mmoja mmoja, na watu wakaitikia kila mmoja kwa mdomo. Fanyeni hivyo kila mara. Msitazame tablo mkasema nimemaliza. Fungueni PDF yenyewe, muitembee kutoka mwanzo mpaka mwisho mbele ya wale itakaowahusu. Na mkiongeza kadre mpya kazi ikiwa karibu kuisha, ama mkinakili kadre ya zamani, mujue nakala hiyo imekimbilia mwisho. Muifuate huko muirudishe.

Kwa Mama Kavira tuligeuza kila karatasi pale pale juu ya simenti, imprimante ikiwa bado inapumua moto.

"Leo munaisoma kama barua ya mupenzi," akatucheka.

Siku tuliyorudi Bihambwe, Mama Kahindo alifuatisha picha kwa kidole wakati katekista anasoma. Mlango. Maji. Musalaba. Aliendelea mpaka mwisho, akatia kidole kwenye wino, akakikandamiza kwa nguvu zake zote. Papa Bauma akatia chake karibu. Watu hawakupiga makofi. Waliimba kidogo, wakaenda kunywa chai.

Tulikuwa tunafunga projekteri juu ya pikipiki wakati Mama Kahindo alipotufikia akiwa na simu mkononi. Alitaka ile karatasi iingie ndani ya simu, iende Ntoto, mbali kule Walikale. Binti yake wa kwanza, Furaha, ameolewa kule, anauza chumvi na sabuni. Wakati wa mazishi barabara ilikuwa imefungwa. Hakuja. Mpaka siku ile hakuwa ameona mahali baba yake amelala, na kila mara akipiga simu anauliza, na mama anakosa namna ya kumweleza kilima kwa maneno.

Tulipanda naye mpaka juu, mahali reseau ya simu inapatikana. Daniel akatuma PDF. Tukaketi kwenye nyasi. Ukungu ulikuwa umeanza kufunguka, vilima vikitokea kimoja baada ya kingine, na mbali sana palikuwa na buluu ambayo sikujua kama ni mbingu ao ni ziwa.

Simu ikalia. Mama Kahindo hakujua kuishikilia vizuri, Daniel akaifungua sauti.

"Mama," sauti ya mwanamke ikasema, ikikatika na kurudi. "Nimeipata. Niko naifungua. Hii ya kwanza, hii ni mulango ya kwetu."

"Njo yenyewe."

"Maji ilikuya karibu hivi?"

"Ilikuya. Vuka tu."

Tulisikia upepo wa Ntoto ndani ya simu, na sauti ya mtu anayeuliza bei ya sabuni, na hakuna aliyemjibu.

"Mama."

"Niko hapa."

"Nimefika kwa Papa."

Mama Kahindo aliketi vizuri, akanyoosha miguu, akafunika magoti kwa kitenge kama mtu aliyefika mahali pa kukaa.

"Kaa hapo kidogo, mwanangu," akasema. "Usigeuze bado."